Mota ya umeme kwa kihori: anza kwa kuihesabu safari ya kurudi

KACYIRU, KIGALI – Mlio wa injini za pikipiki umeanza kupungua katika barabara za mji mkuu wa Rwanda. Kuanzia Januari 2025, pikipiki mpya zinazosajiliwa Kigali kwa ajili ya kubeba abiria zimetakiwa kuwa za umeme, na wakazi wa Kacyiru wamekwisha kuzoea kumwona motari akipanda mlima bila kuacha moshi nyuma yake. Aliye na chombo majini, iwe Karongi, Rubavu, Rusizi au kando ya Muhazi, ana haki ya kujiuliza: je, mashua yangu ndogo nayo yaweza kuiaga petroli?

Jibu fupi ni ndiyo, kwa safari nyingi za karibu. Lakini jibu hilo lina sharti. Motari akiishiwa na chaji barabarani hupoteza muda na mteja. Nahodha akiishiwa na chaji katikati ya Ziwa Kivu hupoteza uwezo wa kukiongoza chombo, na abiria wake wakiwa ndani. Kwa sababu hiyo, mota ya chombo cha majini haichaguliwi kwa kusoma nguvu zilizoandikwa kwenye kasha lake. Huchaguliwa kwa kuihesabu safari yote, kwenda na kurudi, siku ambayo upepo umegeuka.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kufanya hesabu hiyo, na mambo ya kukagua kabla ya kutoa fedha.

Kihori ni chombo gani?

Mabaharia wa pwani ya Afrika Mashariki wana neno la zamani kwa mashua ndogo inayokihudumia chombo kikubwa: kihori. Jahazi likitia nanga mbali na ufuo, kihori ndicho kinachowapeleka mabaharia nchi kavu, kikarudi na maji, mkaa na vyakula. Hakikusudiwi kusafiri mbali wala kukimbia. Kazi yake ni kwenda na kurudi, mara nyingi kwa siku, kikiwa na mzigo tofauti kila safari.

Katika maziwa ya Rwanda kazi hiyo ipo pia, hata kama neno lenyewe halitumiki. Iko mashua inayowatoa wageni gatini na kuwafikisha kwenye boti kubwa, iko inayowavusha watu hadi kisiwani, na iko inayoweza kubeba sambaza kutoka kwa wavuvi wa amato, zile mashua tatu zilizounganishwa kwa miti mirefu, hadi mwaloni. Vyombo vya namna hii vina urefu wa mita 3 hadi 5, hubeba watu wachache, na hurejea mahali pale pale kila jioni. Hao ndio wateja wa kwanza wa mota ya umeme, kwa kuwa safari zao zinajulikana na mahali pa kuchaji panajulikana.

Kwa nini umeme ufikiriwe?

Mota ya umeme majini si jambo jipya. Mwaka 1838 mwanasayansi Moritz von Jacobi aliendesha mashua kwa nguvu za umeme katika mto Neva, mjini St. Petersburg nchini Urusi. Mwaka 1881 Mfaransa Gustave Trouvé alitengeneza mota ya umeme iliyoweza kufungwa nyuma ya mashua na kuondolewa, akaijaribu katika mto Seine, Paris. Katika ziwa Königssee, kusini mwa Ujerumani, boti za umeme zimekuwa zikibeba abiria tangu mwaka 1909. Kilichobadilika katika miaka ya karibuni ni betri, ambazo zimekuwa nyepesi kuliko zamani na zinahimili kuchajiwa mara nyingi zaidi.

Karibu nasi, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, kampuni ya Asobo imekuwa ikiwapatia wavuvi mota za umeme kwa njia ya kukodisha, ili mvuvi asilazimike kubeba peke yake gharama ya kununua mota na betri kwa mkupuo.

Kwa Rwanda ipo sababu nyingine ambayo wauzaji hawaitaji mara nyingi, nayo ni mwinuko. Ziwa Kivu liko takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Burera liko juu ya mita 1,800. Injini ya petroli huhitaji hewa ili kuunguza mafuta, na hewa hupungua kadiri tunavyopanda. Kwa makadirio ya kawaida, injini isiyo na kifaa cha kusukuma hewa ya ziada hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 za mwinuko. Maana yake ni kwamba injini iliyopimwa pwani hufika Kivu ikiwa imepungukiwa na takriban asilimia 15 ya nguvu. Mota ya umeme haivuti hewa ili kufanya kazi, kwa hiyo mwinuko huo hauipunguzii nguvu.

Kuna pia suala la maji yenyewe. Wako wakazi wa kandokando ya maziwa wanaochota, kuoga na kufua katika maji yale yale ambamo petroli na oili huvuja. Na umeme unaochaji betri waweza kuwa umezalishwa na ziwa lenyewe: tangu mwaka 2016 mtambo wa KivuWatt wa Karongi, wenye uwezo wa megawati 26, umekuwa ukizalisha umeme kwa gesi ya methani iliyoko katika vilindi vya Kivu.

Nguvu za farasi zisikudanganye

Ukiingia dukani au kuangalia matangazo mtandaoni, utakutana na lugha tatu tofauti za kuelezea nguvu, na mara nyingi muuzaji huchagua ile inayompendeza.

Lugha ya kwanza ni wati. Wati 746 ni sawa na nguvu moja ya farasi. Lakini uliza: ni wati zinazoingia kwenye mota kutoka kwenye betri, au ni zile zinazotoka na kusukuma maji? Tofauti kati ya hizo mbili ni kubwa, maana sehemu ya umeme hugeuka joto ndani ya mota na nyaya, na sehemu nyingine hupotea pale rafadha, yaani panga linalozunguka majini, linapoyavuruga maji badala ya kuyasukuma.

Lugha ya pili ni msukumo, ambao kwenye mota ndogo huandikwa kwa ratili. Mota yenye msukumo wa ratili 55, ambayo ni miongoni mwa zilizoenea sana duniani, husukuma kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 25, na ikifunguliwa yote hula takriban ampea 50 kutoka kwenye betri ya volti 12, yaani wati 600. Kumbuka kuwa msukumo huo hupimwa chombo kikiwa kimefungwa mahali pamoja. Chombo kinapotembea, hupungua.

Lugha ya tatu ndiyo ya hatari zaidi: maneno kama “inalingana na farasi 3”. Ulinganisho wa namna hiyo hauna maana mpaka muuzaji aeleze amelinganisha nini na nini. Mara nyingi husadifu wakati chombo kinapoanza kuondoka gatini, lakini hausadifu unapotaka kukimbia.

Kipimo cha makisio kinachoweza kukusaidia ni hiki: kwa kila kilo 50 za uzito wote, yaani chombo, watu, mizigo na betri yenyewe, tafuta angalau kilo moja ya msukumo. Kihori chenye uzito wa kilo 500 kikiwa kimejaa kinahitaji msukumo wa kilo 10 kwenye maji matulivu. Mahali penye upepo, zidisha mara mbili. Hapo utaona kuwa mota ya ratili 55 inatosha kukiendesha kihori hicho, ingawa si kwa haraka.

Mwendo ndio mlaji mkubwa

Hapa ndipo wanunuzi wengi hukosea hesabu, kwa sababu maji hayafanani na barabara.

Chombo kizito kinachopasua maji bila kuinuka juu yake kina kikomo cha mwendo, na kikomo hicho hutokana na urefu wa sehemu iliyozama. Chukua kipeuo cha pili cha urefu huo kwa mita, kisha zidisha kwa 4.5, utapata kikomo kwa kilomita kwa saa. Kihori chenye mita 4 majini kitafikia takriban kilomita 9 kwa saa. Baada ya hapo, kila wati unayoiongeza huishia kujenga wimbi kubwa zaidi nyuma ya chombo. Anayenunua mota yenye nguvu maradufu kwa matumaini ya kwenda mara mbili zaidi atakuwa amenunua wimbi.

Hata chini ya kikomo hicho, mwendo una gharama yake. Nguvu inayohitajika huongezeka takriban kwa kipeo cha tatu cha mwendo. Ukipunguza mwendo kwa nusu, mota huhitaji kama sehemu moja ya nane tu ya nguvu.

Tuchukue mfano. Kihori cha mita 4 huvusha watu umbali wa kilomita 2 na kurudi kilomita 2, mara sita kwa siku. Jumla ni kilomita 24. Tuseme kwamba kikienda kilomita 8 kwa saa, mota hula wati 1,000.

Kwa mwendo huo wa kilomita 8 kwa saa, kazi ya siku huchukua saa 3 za mwendo na kula wati-saa 3,000. Uniti moja ya umeme unayonunua nyumbani kwenye Cash Power ni wati-saa 1,000, kwa hiyo hizo ni uniti 3.

Kwa mwendo wa kilomita 6 kwa saa, mota huhitaji takriban wati 420. Kazi ya siku huchukua saa 4 na kula wati-saa 1,680.

Kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa, mota huhitaji takriban wati 245. Kazi ya siku huchukua karibu saa 4 na dakika 50, na kula kama wati-saa 1,175.

Tazama tofauti hiyo kwa jicho la abiria. Kuvuka kilomita 2 kwa mwendo wa kwanza huchukua dakika 15, na kwa mwendo wa pili dakika 20. Abiria amepoteza dakika tano, na mwenye chombo ameokoa karibu nusu ya betri. Katika biashara ambayo betri ndiyo gharama kubwa kuliko zote, dakika tano hizo zina thamani.

Hesabu hii ni ya maji matulivu. Upepo wa mbele, mawimbi, chombo kilichopakiwa vibaya na majani yaliyonasa kwenye rafadha huongeza ulaji. Kwa hiyo panga siku yako namna hii: theluthi mbili za betri ni za kazi, na theluthi moja ni akiba isiyoguswa ila kwa dharura. Anayehitaji wati-saa 1,680 kwa kazi ya siku anunue betri ya wati-saa 2,500 au zaidi. Anayeng’ang’ania kilomita 8 kwa saa atahitaji 4,500.

Betri ndiyo bei

Motari wa Kigali anayetumia betri za kubadilishana vituoni hufika na betri tupu, akachukua iliyojaa, akaondoka. Betri si mali yake, na ikichakaa si mzigo wake. Mwenye kihori hawezi kutegemea kukuta kituo cha namna hiyo kila mwalo. Yeye hununua betri na kuimiliki na uzee wake. Ndiyo maana swali la kwanza dukani lisiwe “mota bei gani?” bali “betri bei gani, na itadumu miaka mingapi?”

Betri za risasi, kama zile za magari na za mifumo ya sola ya zamani, ni rahisi kununua na hupatikana karibu kila mji. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 kwa maandishi. Lakini ukiitumia zaidi ya nusu kila siku, huchakaa upesi, hivyo kinachotumika kwa kweli ni kama wati-saa 600. Isitoshe, betri ya risasi ikinyonywa kwa kasi ndani ya saa moja au mbili hutoa kidogo zaidi kuliko ilivyoandikwa. Uzito wake ni kilo 25 hadi 30. Kwa kazi ya mfano wetu utahitaji betri tatu au nne, yaani hadi kilo 120, uzito wa zaidi ya abiria mmoja ambaye halipi nauli.

Betri za lithiamu, hasa zile zenye chuma na fosfeti, ni ghali zaidi siku ya kununua. Ya ukubwa huo huo ina kama wati-saa 1,280, hukubali kutumiwa asilimia 80 au zaidi, na uzito wake ni karibu kilo 12. Mbili zinatosha kwa mfano wetu wa kilomita 6 kwa saa. Aina hii pia huvumilia joto na kuchajiwa mara nyingi kuliko aina nyingine nyingi za lithiamu. Ikitunzwa vema, yaweza kuchajiwa na kutumika mara elfu kadhaa, ilhali ya risasi huhesabiwa kwa mamia. Gawanya bei ya betri kwa idadi ya siku itakazofanya kazi, ndipo utakapoona iliyo rahisi.

Volti nazo zina maana. Mota ya wati 1,000 kwenye volti 12 huvuta ampea 83. Kwenye volti 24 huvuta 42, na kwenye volti 48 huvuta 21 tu. Ampea nyingi hudai nyaya nene, na zikipitishwa kwenye waya mwembamba huupasha joto hadi kuyeyusha mpira wake. Kwa mota inayozidi wati 600 au 700, tafuta mfumo wa volti 24 au zaidi. Hakikisha fyuzi imefungwa karibu kabisa na betri, na kwamba upo swichi mkubwa wa kukata umeme wote kwa mkono mmoja.

Angalia pia alama ya IP67. Inamaanisha kuwa kifaa hakiingizi vumbi, na kilijaribiwa kwa kuzamishwa majini kina cha mita 1 kwa dakika 30. Betri isiyo na alama hiyo iwekwe ndani ya sanduku lisilopitisha maji, lifungwe lisiteleze, na liwe mbele au katikati ya chombo. Nahodha na mota wamekwisha kukalia tezi. Betri nayo ikiwekwa huko huko nyuma, omo litainuka na chombo kitakuwa kigumu kuongoza.

Kuhusu kuchaji, hesabu kuwa betri ya wati-saa 1,000 itachukua zaidi kidogo ya uniti moja kutoka ukutani. Wenye nia ya kutumia sola wakumbuke kuwa paneli ya wati 100 katika mazingira ya Rwanda hutoa takriban wati-saa 300 hadi 400 kwa siku nzuri, na chini ya hapo katika miezi ya mvua. Kazi ya mfano wetu ingehitaji paneli tano au sita, ambazo hazitatosha juu ya kihori lakini zaweza kukaa juu ya paa la gati.

Urefu wa mguu na umbo la rafadha

Mota nzuri iliyofungwa kwenye mashua isiyolingana nayo ni hasara. Pima kimo cha ubao wa nyuma ambapo mota itaning’inia, kuanzia ukingo wake wa juu hadi chini ya mashua. Mbao nyingi za nyuma zimetengenezwa kwa mguu mfupi wa sentimita 38 hivi au mrefu wa sentimita 51. Rafadha lazima izame chini ya kitako cha mashua. Ikiwa juu mno, itavuta hewa, itapiga kelele na chombo hakitasonga. Ikiwa chini mno, itagonga mawe karibu na ufuo.

Kwa kihori kizito chenye mwendo mdogo, rafadha pana inayozunguka polepole hufanya kazi vizuri kuliko ndogo inayozunguka kwa kasi. Beba ya akiba pamoja na pini yake na spana ya kuifungulia.

Wasomaji wetu walio na ndugu Mombasa, Zanzibar au Muscat wajue kuwa ushauri wa huko haufai wote hapa. Katika maji ya chumvi, mota huwekewa kipande cha zinki ambacho huliwa na kutu badala ya mota yenyewe. Katika maji baridi ya Kivu, zinki haifanyi kazi hiyo vizuri, na watengenezaji hupendekeza kipande cha magnesi au cha aluminiamu.

Usiitume betri ndani ya begi

Familia nyingi zina mtu Dubai au Brussels, na mazoea yetu ni kumwomba msafiri atubebee kifaa. Kwa mota yenyewe, inawezekana. Kwa betri, haiwezekani. Kanuni za usafiri wa anga haziruhusu abiria kubeba betri ya lithiamu inayozidi wati-saa 160, iwe mkononi au kwenye mzigo wa chini ya ndege, isipokuwa katika hali chache kama viti vya magurudumu vya walemavu. Betri ya mota hata iliyo ndogo huzidi kipimo hicho mara kadhaa. Njia yake ni mzigo uliotangazwa rasmi, kwa kawaida kwa meli hadi Dar es Salaam au Mombasa, kisha kwa barabara. Mota iliyokwama nyumbani ikisubiri betri iliyozuiwa uwanjani ni fedha iliyolala.

Kabla ya kununua, uliza mambo haya: nani atatengeneza mota hapa Rwanda, na anazo sehemu za akiba? Dhamana inatambuliwa hapa, au ni ya nchi ilikonunuliwa? Betri ya kampuni nyingine inaweza kutumika? Baadhi ya mota hukataa betri isiyo ya kwao, na siku kiwanda kitakapoacha kuitengeneza utabaki na chuma kitupu.

Anayebeba abiria kwa malipo awasiliane kwanza na mamlaka ya udhibiti, RURA, kuhusu leseni, na azingatie maagizo ya kikosi cha majini cha Polisi ya Taifa. Na betri iliyokufa isitupwe ziwani wala jalalani. Kampuni ya Enviroserve ina kiwanda Bugesera kinachoshughulikia taka za kielektroniki.

Ziwa lisilo na nanga

Ziwa Kivu lina kina kinachokaribia mita 480 mahali penye vilindi, na sehemu nyingi za kingo zake hushuka ghafla. Baharia wa pwani mota ikimzimikia hutupa nanga na kungoja msaada. Hapa, umbali mfupi tu kutoka ufuoni, hakuna kamba ya kihori itakayofika chini. Chombo kilichozimika kitaelea kinakopelekwa na upepo.

Kwa sababu hiyo, makasia au makafi si mapambo. Yawemo mawili, na awepo mtu ajuaye kuyatumia. Kila abiria avae jaketi okozi, si kulikalia. Nahodha ajifunge ile kamba yenye ufunguo unaozima mota akidondoka majini. Simu iliyojaa chaji iwe ndani ya mfuko usiopitisha maji.

Ukimya wa mota nao una hatari yake. Waogeleaji hawakusikii unapokaribia, na wavuvi wa usiku pia. Taa na filimbi ni lazima zaidi kwa chombo cha umeme kuliko kwa chombo kinachonguruma.

Kwenye kuchaji, betri ya lithiamu isichajiwe katika chumba cha kulala wala karibu na mapipa ya petroli. Tumia chaja iliyotengenezwa kwa ajili ya betri hiyo. Betri iliyovimba, iliyopasuka au iliyoingia maji isichajiwe tena hata mara moja.

Wakati wa kusema hapana

Kuna kazi ambazo umeme bado haujaziweza kwa bei ya mtu wa kawaida. Safari ya urefu wote wa Kivu, kutoka Rubavu hadi Rusizi, ni mbali mno kwa kihori cha betri. Chombo cha uokoaji kinachohitaji kukimbia, na mashua inayobeba magunia ya saruji au viazi umbali mrefu, vitahitaji betri zenye uzito na bei ya kuishinda faida. Sababu ni rahisi: lita moja ya petroli ina nishati ya takriban wati-saa 9,000. Ingawa injini ndogo hupoteza sehemu kubwa sana ya nishati hiyo, tangi dogo bado hufika mbali kuliko betri ya uzito uleule. Mwenye kazi ya namna hiyo abaki na injini yake, aitunze isivuje, asione haya.

Kwa aliyeridhika kwamba safari zake ni fupi, limebaki jambo moja kabla ya kulipa. Mwombe muuzaji jaribio katika njia yako mwenyewe, si kuzunguka mbele ya gati. Chagua saa za mchana upepo unapovuma. Pakia uzito kamili, watu au magunia ya mchanga. Kitazame kipimo cha betri unapoondoka, unapofika na unaporudi, ukiandika kila tarakimu. Safari ya kurudi dhidi ya upepo ikila mara mbili ya ile ya kwenda, hiyo ndiyo tarakimu ya kununulia betri. Muuzaji akikataa jaribio hilo, ahirisha ununuzi na umtafute mwingine atakayelikubali.